Harusi Yangu ya Pili na Mianzi ya Mbeta

Nilipowaambia naolewa tena, wa kwanza kucheka alikuwa binti yangu. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyepaliwa na chai. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, mjane wa mwaka wa tisa, fundi cherehani hapa Same mjini, nyuma kidogo ya soko. Bwana mwenyewe ni mkulima wa mpunga kutoka Ndungu, mgane, mtu wa maneno machache. Alikuja kwangu kupunguza suruali mbili. Suruali zikaisha, yeye akaendelea kuja. Basi. Sina hadithi ndefu ya mapenzi ya kuwapa, na hata ningekuwa nayo nisingewapa.

"Mama, mtaoana kimya kimya, si ndiyo?" binti akauliza alipomaliza kukohoa.

"Kimya kimya kwa nini? Nimeiba?"

Hilo kimya kimya lilinikera kuliko yote, maana nililisikia kila nilikokanyaga. Mjane akiolewa upya watu wanataka apite mlango wa nyuma: kanisani asubuhi, chai na maandazi, sala, kila mtu kwao. Harusi ndogo sikuikataa. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema watu arobaini, uani kwangu, turubai moja, pilau, na makande kwa wale ambao bila makande hawajala. Lakini ndogo ni kitu kimoja na kimya ni kitu kingine. Nilitaka kuingia uani kwangu mchana kweupe, na muziki nilioutaka mimi.

Mnisamehe nikisema hivyo kwa ukali. Harusi yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeniuliza chochote. Kwaya iliimba nyimbo walizochagua wazee, nikakaa nimeinamisha macho kama nilivyofundishwa, nikihesabu misumari kwenye ubao wa sakafu. Sikuolewa vibaya, marehemu alikuwa mtu mwema. Lakini siku ile haikuwa yangu, ilikuwa ya watu.

Sasa nije kwa kaka yangu mkubwa. Tangu baba afariki yeye ndiye baba. Ni mzee wa kanisa, mtu wa kupiga pasi hata nguo za shamba. Simsemi vibaya. Nilipofiwa alihamia kwangu wiki tatu, akawa analala sebuleni kwenye kochi fupi, miguu ikining'inia nje, kwa sababu nilikuwa naogopa kubaki na nyumba peke yangu. Mtu wa namna hiyo ukigombana naye unaumia mwenyewe. Nampenda, na alinichosha.

Yeye ndiye angesimama kunikabidhi. Kwetu, kwenye sherehe, mkubwa wa upande wa mke husimama, akamshika binti mkono, akawaambia wakwe neno la kumkabidhi, na wakwe wakaitika kwamba wamempokea. Bila neno hilo watu watakula na kushiba, lakini wakifika kwao watasema yule mwanamke hakutolewa, alijipeleka. Kaka alilijua hilo vizuri sana.

Nilisema sitaki kamati. Bure! Hazijapita siku mbili kaka akafungua grupu kwenye simu, watu zaidi ya waliokuwa waalikwe, na jina la grupu likawa "Maandalizi ya Ibada ya Shukrani." Neno harusi halimo kabisa. Nikaandika, "Shukrani ya nini jamani? Mimi naolewa." Baadaye mtu mmoja akatuma picha ya maua.

Jumamosi wakakutana kwangu. Kaka akasema kwaya, nyimbo nne, tukiwa tumekaa. Binti yangu akasema kwaya ni sawa lakini lazima na DJ na MC, vinginevyo atawaambia nini wenzake wa kazini. Alikuwa ameshamwita MC mmoja aje tumsikie. Kijana amevaa suti inayong'aa, akaja na spika kubwa, akaifungulia uani kwangu mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. "Makofi ya kopa kopa kwa bibi harusi!" akapaza sauti, tukiwa watu saba. Kisha akaniinamia. "Mama, nitawatania kidogo. Nitasema mzee amenunua gari la zamani lakini injini bado nzima. Watu watavunjika mbavu."

Nikamwambia, "Mwanangu, beba spika yako." Binti akaninunia mpaka jioni.

Hapo ndipo kaka akadhani ameshinda. Akafunga daftari lake. "Basi ni kwaya."

"Si kwaya," nikasema. "Nataka mbeta."

Mbeta ni ngoma yetu Wapare ya kupuliza. Mianzi mirefu na mifupi, mingine imeungwa kibuyu mwishoni ili sauti itoke nene, na kila mpulizaji ana sauti moja tu. Moja. Peke yake haina maana yoyote, ni kama mtu anayeita mbuzi. Lakini kila mtu akitoa yake kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, haraka, wimbo unazunguka na huwezi kujua umeanzia kwa nani. Mlimani nilikozaliwa nyumba za Wakristo zilikuwa upande wa kanisa, na mbeta ilipulizwa ng'ambo ya korongo wakati wa mavuno. Baba alikuwa mwinjilisti. Nilivuka korongo mara mbili kwenda kuisikiliza, na mara mbili nikachapwa. Ya pili nilichapwa mbele ya watoto wenzangu wa shule ya Jumapili, na nilikuwa na miaka minane. Mpaka leo sijui nilimkosea Mungu wapi.

Kaka alisimama. "Baba hakuiruhusu ngoma ile nyumbani kwake."

"Baba amelala, kaka. Na nyumba hii ni yangu, nimeijenga kwa kushona kola za watu."

"Mdogo wangu, unatafuta ugomvi."

"Ugomvi nimeshaupata. Natafuta muziki."

Nchi nzima inatusema kwamba Mpare anauza ng'ombe ili ashitaki kuku. Siku ile sikuwa na la kukanusha.

Wiki iliyofuata nikafunga kibanda changu cha kushonea, nikapanda gari mpaka Mwembe, na kutoka Mwembe bodaboda mpaka huko juu kwetu mlimani, nikishuka kila penye mteremko mkali kwa sababu sikutaka kufa kabla ya kuolewa. Mkuu wa kundi la mbeta nilimkuta barazani anachambua tangawizi kwenye gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia mimi ni wa nani. Aliweka kisu chini. "Mtoto wa yule mwinjilisti aliyekuwa anatuita kuni za jehanamu?"

"Ndiye huyo huyo."

"Na unataka kuni zije zikupulizie harusi?"

"Ndiyo, mzee."

"Makubwa!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye tangawizi, akalia kweli. Ikabidi nimletee maji anawe.

Lakini alipotulia akasema hawawezi kuja. Wako sita, na mianzi ni saba. Mwenzao mmoja ameng'oka meno ya mbele, hawezi tena kubana midomo. "Mwanzi upo, mdomo ndio haupo," akasema. Nikauliza, vijana je? Akatikisa kichwa. Vijana wanakuja siku moja, wanauliza wimbo mzima wataupuliza lini, wakiambiwa sauti ni moja tu wanaondoka. Na bila ya saba, kila wimbo ukizunguka ukafika pale, pana shimo. "Hatushuki mlima na shimo. Ni aibu. Bora tukae na tangawizi."

Sikufikiri. Mimi nikifikiri sana naharibu. "Nipe mimi huo mwanzi."

Akaniangalia midomo. "Sijaona mwanamke akipuliza mbeta."

"Amekatazwa?"

Akakuna kidevu. "Hilo nalo sijalisikia."

Basi kila Jumapili baada ya ibada nikawa napanda mlima. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya wazee sita, nikapuliza. Mwanzoni nilitoa upepo mtupu. Kisha nikatoa sauti, lakini wakati usio wangu, na mzee akawa anasimamisha wote na kunitazama tu. Hapo ndipo ugumu wake ulipo. Kupuliza si kazi. Kazi ni kungoja. Unakaa na pumzi yako kifuani unasikiliza wengine watano wapite, wa sita apite, halafu wewe, mara moja tu, halafu ungoje tena. Mimi mtu wa kudakia maneno ya watu! Midomo ilinivimba mpaka wateja wakauliza kama nimeng'atwa na nyuki. Kibandani nikawa nahesabu zamu kwa mguu kwenye pedali, moja mpaka sita, na ya saba nabana midomo. Wiki ya tano mzee hakutusimamisha hata mara moja. Alipomaliza akasema, "Sasa nenda kamalizie gauni lako."

Habari zikamfikia kaka. Same ni ndogo, na upepo wake hauachi kitu mahali pake. Alikuja kibandani asubuhi, akakaa kwenye stuli ya wateja, kofia magotini.

"Nimesikia unapuliza wewe mwenyewe."

"Umesikia vizuri."

"Mwanamke hapulizi mbeta."

"Nimeshapuliza, kaka."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Si nitawapa pilau?"

Hakucheka. Akazungusha kofia. Akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo mbaya kwake, "Mimi kanisani nitakuja, hilo ni la Mungu. Lakini mianzi ile ikilia uani kwako, sisimami kukukabidhi. Nichagulie. Mianzi au mimi."

Nilitaka kumjibu jibu la kumkata maini. Ninayo mengi, mwulizeni yeyote sokoni. Lakini nilimwona yule mtu wa kwenye kochi fupi, miguu nje. Nikamwambia tu, "Kaka, usinifanyie hivyo." Akavaa kofia akaondoka. Nikalia juu ya sare ya mtoto wa watu mpaka nikailowesha, na ilibidi niipige pasi upya.

Bwana wangu alipopata habari alikuja kutoka Ndungu siku hiyo hiyo. Alifikiri sana, kisha akatoa ushauri ambao hata mimi nilikuwa nimeufikiria kwa siri. Tuanze na chakula, kaka atoe neno lake, anikabidhi. Akishaondoka, mianzi iingie. Kila mtu atapata chake.

Siku nzima niliubeba ushauri ule. Niliharibu kola mbili. Ulikuwa ushauri mzuri, na ndiyo maana ulinisumbua. Jioni nikampigia simu. "Hapana. Sitaki kuingia kwenye ndoa kwa ujanja. Nikimzunguka kaka leo, kesho nitakuzunguka wewe. Nitaingia na mianzi mlangoni, mbele yake, na akitaka kusimama asimame."

Kisha akasema, "Haya mama. Nitatembea pembeni yako." Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye alikuwa ameshavua viatu.

Siku ikafika. Kanisani kaka alikuja kama alivyoahidi, amenyooka, suti ya kijivu. Alinisalimia kwa adabu kama mgeni kutoka mkoani. Baada ya ibada waalikwa wakatangulia uani kwangu, sisi tukapumzika nyumba ya jirani, na wale wazee sita waliokuwa wameshuka mlima tangu alfajiri wakawa wanakunywa chai. Binti yangu alinitengeneza kilemba. Akanitazama na mwanzi wangu mkononi, mrefu kuliko yeye. "Mama, watu watakurekodi."

"Waambie warekodi na sauti."

Tukatoka. Mzee mkuu akatangulia, akapuliza yake, wa pili akaitika, wa tatu, na wimbo ukaanza kuzunguka njiani kati ya nyumba ya jirani na ya kwangu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikahesabu, nikabana midomo, nikatoa yangu. Ikatoka nene, ikakaa mahali pake. Jamani! Sijui niwaambieje. Nilikuwa na miaka hamsini na minne na gauni la rangi ya maziwa, na furaha ilinipanda mpaka kwenye masikio. Wanawake kule uani wakapiga vigelegele kabla hawajatuona.

Tukafika kwenye geti la bati, na kaka alikuwa amesimama pale.

Wazee watano wakapita pembeni yake mmoja mmoja, wakipuliza, wa sita akapita. Mimi nikasimama. Bwana wangu akasimama pembeni yangu. Nilidhani kaka atanigombeza, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono wake, kiganja juu, macho yamejaa machozi.

"Weka chini hicho kitu," akasema. "Weka chini, mdogo wangu, nikushike mkono nikuingize mwenyewe. Kama baba."

Hilo sikulitegemea. Angenitukana ingekuwa rahisi. Ule mkono niliutaka. Msinidanganye kwamba mwanamke shupavu hataki kitu kama kile, niliutaka kuliko pilau, kuliko pete. Na kule ndani wimbo ulikuwa unazunguka. Nikasikia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu uani walikuwa wametulia, wanasikiliza. Wa nne. Mkono wa kaka ulikuwa bado umenyooshwa. Wa tano. Nilijua nikimpa mkono, wimbo utafika kwenye zamu yangu na kukuta shimo, na nitaingia kwenye ndoa yangu nimeinamisha macho kama mara ya kwanza. Wa sita.

Nikapuliza. Nikimtazama usoni, nikapuliza.

Kaka akashusha mkono. Akasogea pembeni ili gauni langu lisikwaruzwe na bati, hata hapo hakuacha ustaarabu wake, kisha akaenda zake barabarani. Wazee wa kanisa wanne wakanyanyuka wakamfuata. Machozi yalinitoka hadharani, na mwanzi nao hauna huruma, zamu yako ikifika inataka pumzi. Niliingia ndani nikilia na nikipuliza, na sikukosa hata moja. Nikimkuta kaka njiani siku hizi namwamkia, anaitika, basi. Kwangu hajakanyaga. Sijutii, na kila Jumapili inaniuma.

Tulikula. Watu walicheza, hata binti yangu, viatu mkononi. Kisha ukafika ule wakati, na uwanja ukawa mzito. Upande wa bwana wakasimama wote kama desturi inavyotaka, mbele yao dada yake mkubwa, mama mmoja mnene wa Ndungu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Upande wetu kiti cha kaka kilikuwa kitupu. Watu wakaanza kutazamana. Nikasikia mtu nyuma akinong'ona, "Nani atamtoa sasa?" Mjomba mmoja akataka kuinuka, nikamwashiria akae.

Nikasimama mimi. Nikajishika mkono wa kushoto kwa mkono wangu wa kulia, kama kaka ambavyo angenishika, nikatembea mpaka mbele ya wakwe zangu.

"Huyu mwanamke," nikasema, "nimemlea mimi. Nimemfundisha kazi, nimemzika mume wake, nimemjengea nyumba. Leo nawakabidhi. Ana mdomo, mnajua. Akiwakosea msimpige, na msimpeleke kwa kaka yake. Mleteni kwangu."

Wifi akakiangalia kile kiti kitupu, muda mrefu, halafu akaniangalia mimi niliyejishika mkono. Akaja, akanibandua vidole taratibu kimoja kimoja, akaushika mkono wangu wa kushoto yeye.

"Tumempokea," akasema.